Mkalimani wa Kapitano

Mama mdogo Mwanamkuu alipofariki Kismayo mwaka huu, jambo la kwanza lililozua mtafaruku chumbani lilikuwa kitambaa cha kumfunga kidevu. Ilikuwa bado asubuhi, mwili haujapoa, na jirani mmoja, mzoefu wa kazi hizo, alikuwa ameshachana shuka nyeupe vipande na kukunja kimoja, tayari kukipitisha chini ya taya na kukifunga utosini, kama afanyiwavyo kila maiti ili kinywa kisibaki wazi. Mdogo wangu Khadija, bintiye marehemu, akamshika mkono. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, kwa ile sauti yake ambayo mgeni akiisikia hudhani kuna mtu anazungumza kutoka chumba cha pili, "Tamshika mimi." Akapanda kitandani, akaweka kiganja chini ya kidevu cha mamake, akakaa hivyo. Alikaa mpaka karibu na adhana ya adhuhuri, hadi taya lilipokaza lenyewe, na muda wote huo macho yake hayakuondoka kwenye midomo ya maiti, kama mtu anayengoja mwenzake amalize alichokuwa akisema. Yule jirani akavuta mtandio mdomoni, akaninong'oneza, "Huyu ana nini?" Hakujua kwamba kunong'ona nyuma ya mtandio mbele ya Khadija ni kukosa adabu kuliko kumtukana waziwazi. Mimi nilijua. Nilijua kwa sababu mwaka mmoja wa usichana wangu nilishiriki kumfanyia jambo hilohilo, tena nikiwa na cheo.

Nimeandika makala magazetini kwa miaka ishirini. Nimeandika juu ya bei ya sukari, ndevu za wanasiasa, na mara mbili juu ya paka wangu, na watu wazima wenye akili zao wamenilipa. Juu ya mwaka ule sijawahi kuandika neno. Sitaeleza kwa nini nilitolewa Kismayo nikapelekwa kisiwani Kudhaa. Sababu zenyewe si ndefu na haziniongezei heshima. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Zilikuwa zama za Mtaliana, aliporudi mara ya pili na kusema amekuja kutulea mpaka tukue, na mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili katika shule yake. Nilitoka humo na shairi moja, hesabu mpaka mia, maneno ya kutosha kuomba chaki na ruhusa ya kwenda chooni, na kiburi ambacho kingemtosha balozi. Kudhaa hakukuwa na mtu mwingine aliyejua lugha ile. Nilipotelemka kwenye mashua na viatu vyangu mkononi, wanawake waliokuwa kisimani waliniita Sinyorina, binti wa Kitaliana, na nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani wananisifu.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya mawe ya matumbawe, vyumba viwili virefu vilivyofuatana, cha mbele kikiwa ndio ukumbi, cha nyuma kikiwa na giza hata mchana, na uwani kulikuwa na tanuri la mkate wa mofa lililokuwa likifuka moshi kuanzia alfajiri. Mbele ya nyumba, hatua hamsini hivi kuelekea pwani, ndipo mumewe Shee alipoundia vyombo. Mwaka ule alikuwa na mashua moja kubwa juu ya magogo, bado mifupa mitupu. Nyumba nzima ilinuka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupakia mbao. Ilikuwa kwenye mito, kwenye maji ya kunywa, na nadhani kwenye ndoto zangu pia. Shee alikuwa mtu wa maneno machache, kwa kuwa mdomo wake kutwa ulikuwa umebana misumari. Mama mdogo alisema kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa na uso mwembamba na mdomo mpana usiotulia, na alipokuwa akipika alizungumza na samaki, na moto, na chumvi, akiwalaumu kwa majina.

Khadija alikuwa na miaka saba. Alipokuwa na mitatu homa ilimshika siku tisa, na ilipomwachia ilikuwa imechukua masikio yake. Hakuna aliyelisema hivyo wakati ule. Walisema homa "imempumbaza," au walisema "haitiki." Maneno aliyokuwa nayo kabla ya homa yalianza kumponyoka, na yalimponyoka kwa mpangilio ambao nilikuja kuuelewa miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu. Mhadhiri alikuwa akichora ubaoni kinywa kilichopasuliwa katikati, akituonyesha kila sauti inatengenezwa wapi, nami nilitoka nje kana kwamba nina kiu. Sauti za kooni na za nyuma ya meno, zile zisizoonekana, Khadija alizipoteza mwanzo. Zile za midomo zilibaki, kwa sababu aliweza kuziona kwa watu kila siku. Alikuwa na mama, baba, mofa, papa, mvua, embe, na maji, ambayo kwetu huitwa mai, kwa hiyo hata hilo alikuwa nalo kamili. Alikuwa na maneno kama thelathini ya namna hiyo, na aliyatunza kwa bidii. Ukisema naye alikuja karibu mno, akaweka kiganja mbele ya mdomo wako apate pumzi ya papa, kisha kidole kwenye pua yako apate mtetemo wa mama, maana kwa kutazama tu sauti hizo mbili zafanana. Jina lake mwenyewe lilimshinda na linamshinda hata leo. Lilikuwa lote ndani ya kinywa.

Nakiri kwamba aliniogofya. Nililala chumba cha nyuma pamoja naye, na mara nyingi aliinuka ghafla, akaweka kiganja sakafuni, akasema "Baba," na baada ya muda Shee akaingia kutoka pwani. Asubuhi nilimkuta chini ya mashua ameuma mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, kwa meno, macho yamefumbwa, huku babake akigonga misumari upande wa pili, na usoni mwake mlikuwa na utulivu wa mtu anayesikiliza kisomo. Lakini lililonisisimua zaidi lilikuwa dirishani. Kila mara alisimama pale akitazama watu, au wachu kama wasemavyo kisiwani, wanaozungumza mbali, na midomo yake ikaanza kuchezacheza pamoja na yao, ikitoa vipande vya sauti: pa, ma, fa, mba. Ilikuwa kama mtu mwingine anazungumza kwa kinywa chake.

Sasa nimtaje Bi Zena. Alikuwa fundi wa ngoma za pepo kisiwani, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye pepo watatu wa heshima na mume mmoja asiye na neno. Baba yake alikuwa mgonjwa Kismayo. Siku moja, mchana, alikuwa amekaa ukumbini kwetu anakula mofa na mchuzi wa papa, akitusimulia jinsi mumewe alivyokimbizwa na kaa, na mimi nilikuwa nikicheka mpaka chai ikanitoka puani. Huko pwani mashua kutoka Kismayo ilikuwa imefika, na wanaume wawili walikuwa wamesimama na Shee karibu na mkuku. Upepo ulivuma kutoka nyumbani kwenda baharini. Hata wangepiga kelele tusingewasikia. Baadaye tulijua walikuwa wakipatana: babake Zena amekufa, mwenyewe asiambiwe kwanza, aachwe ale, maana akishajua hatakula siku mbili. Khadija alikuwa dirishani. Akageuka, akaja pole pole, akapiga magoti mbele ya Bi Zena, akamtazama usoni.

"Baba," alisema. "Baba ame-ufa."

Bi Zena akacheka. "Babako yupo, mwanangu. Namwona pale."

Khadija akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole, si pwani, bali kifuani kwa Bi Zena. "Baba ame-ufa."

Mkono wa Bi Zena ulibaki hewani na tonge. Shee aliingia, misumari ameshaitoa mdomoni, na hilo peke yake lilikuwa habari. Akasema, "Zena, maliza kula kwanza."

"Nimeshaambiwa," alisema Bi Zena.

"Na nani?"

Bi Zena alirudisha tonge sahanini. Alikuwa anamtazama Khadija kama mtu anavyoutazama mlango wa nyumba yake aliouacha umefungwa, akaukuta wazi.

Matanga yalikuwa ya siku tatu, na siku zote tatu wanawake hawakuwa na hadithi nyingine. Nakumbuka ukumbi umejaa, harufu ya kahawa na udi, na sauti za chini.

"Mchu hasikii radi, asikie habari ya Kismayo?"

"Hakusikia. Ameletewa."

"Na huyo aliyemletea, mbona lugha yake haieleweki? Akisema peke yake pale dirishani, si Kiarabu, si Kisomali."

Hapo ndipo nilipoingia. Nilikuwa nimekaa karibu na birika, nikiwa nimechoka kuagizwa, na nilitaka mtu mmoja tu acheke. Nikasema, "Labda ni Kitaliana. Yapanda, yashuka, kama mwalimu wetu akikasirika."

Hakuna aliyecheka. Ule ulikuwa mzaha wangu wa kwanza hadharani, na katika miaka ishirini ya uandishi sijapata tena wasikilizaji walionichukua kwa uzito namna ile. Bi Zena aliinua uso wake uliovimba kwa kilio. "Wewe wakijua Kitaliana?"

Wote walinigeukia. Ningeweza kusema ni utani. Nikasema, "Nakijua."

Kwetu, pepo aliyempanda mtu kabla hajapigiwa ngoma na kukalishwa ni kama mgeni aliyesimama barazani: hajaonyeshwa chumba chake. Akiona mlango wazi huingia, na mlango wa binadamu ni kinywa. Ndiyo maana mbele ya aliyepandwa wanawake huvuta pembe ya leso midomoni, wanaume huvuta ncha ya kilemba, na watoto huziba kwa viganja. Si desturi mbaya, na kwa kawaida haidumu. Siku saba, ngoma inapigwa, pepo anakubali kukaa, midomo inafunuliwa na watu wanakula halua. Lakini mama mdogo alikuwa na mimba changa, na ngoma ya pepo haipigwi kwenye nyumba yenye mjamzito. Ikaamuliwa isubiriwe mpaka ajifungue na atimize arobaini. Kwa hiyo kisiwa kizima kilifunika midomo mbele ya mtoto wa miaka saba kwa muda wa karibu miezi tisa. Aliyefunika zaidi ya wote alikuwa mamake, maana alikuwa na mtu wa pili ndani ya mwili wake wa kumlinda. Akilala alifunga leso kabisa, fundo kisogoni.

Pepo tulimwita Kapitano. Mimi ndiye niliyemwita, kwa kuwa lilikuwa neno la Kitaliana ambalo kila mtu alilijua. Nilitolewa kwenye kuteka maji na kutwanga. Nilikalishwa kwenye mkeka mpya, na Khadija akakalishwa karibu yangu, na wanawake wakaja na maswali yao, nusu nyuso. Yeye alipoanza kutoa sauti, akijaribu kuuliza kwa nini leo hakuna mwenye mdomo, mimi nilitafsiri. Kapitano alijua wavu uliopotea uko upande wa kisiwa cha Fuma. Kapitano alipenda sigara, sukari, na basto, zile tambi za Kitaliana, iliyoletwa kutoka Kismayo kwenye karatasi ya buluu, na kwa kuwa yeye hakuwa na tumbo, nilimlia mimi. Jioni moja Bi Zena alikuja peke yake. Aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama babake amelala vizuri huko aliko. Khadija alikuwa akinyoosha mkono kutaka kumshika pua. Nikasema, "Kapitano asema amelala vizuri." Bi Zena akalia, na leso yake ikaloa mpaka nikaona umbo la midomo yake chini ya kitambaa. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena kama nasema kweli, na mimi pia niliacha kujiuliza.

Kisha akaja daktari, Mtaliana mfupi mwenye boti la injini, kuchanja watu ndui. Alifanyia kazi ukumbini kwetu kwa sababu ulikuwa na mwanga. Ilipofika zamu ya Khadija aliona jambo. Alipiga makofi nyuma ya kichwa chake; mtoto hakugeuka. Akatoa kwenye mkoba kijiuma cha chuma chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakiweka mfupani nyuma ya sikio, na Khadija akatabasamu kwa utulivu uleule wa chini ya mkuku. Daktari akachuchumaa, akasema kitu taratibu, uso kwa uso, na Khadija akamrukia mdomo kwa macho na vidole kama mwenye njaa aliyeona sahani. Ulikuwa mdomo wa kwanza aliouona kwa miezi mitatu. Daktari akanigeukia mimi. Nasema hili baada ya kulikwepa muda mrefu: nilimwelewa. Katika maisha yangu Kitaliana changu hakijawahi kunitosha kama siku ile. Alisema mtoto huyu hasikii karibu chochote, anasoma midomo ya watu. Alisema mtu yeyote asimfiche mdomo. Mzungumze naye karibu, uso kwenye mwanga, mwacheni aguse. Alisema maneno aliyo nayo ni kama taa isiyo na mafuta, msipoyajaza kila siku yatakwisha. Kisha akauliza kwa nini nyote mmefunika nyuso, mnaumwa meno?

Ukumbi mzima ulikuwa macho matupu juu ya leso. Bi Zena akanong'ona, "Wameambiana nini, yeye na Kapitano?"

Sikuwa na nia mbaya. Nimejaribu miaka yote kuitafuta nia mbaya, kwa sababu ingekuwa rahisi kuieleza. Nilikuwa msichana ambaye kwa mara ya kwanza watu wazima walinyamaza alipofungua kinywa, nikaona kwamba nikisema yale aliyoyasema daktari, nitakuwa tena Sinyorina wa viatu mkononi. "Wameamkiana," nilisema. "Daktari asema Kapitano ni mkubwa wake. Asema tuzidishe heshima."

Wakazidisha. Hata watoto walishonewa vitambaa vyenye kamba za kufungia. Na maneno ya Khadija yakaanza kuzimika. Nililala naye chumba kimoja, kwa hiyo ni mimi niliyeyasikia yakiondoka, moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka matangani bila kuaga. Mofa ilikwenda kwanza: ule mguso mdogo wa meno juu ya mdomo ulilegea, ukawa pumzi, kisha ikawa moma. Halafu pumzi ya papa ikapotea, kwa sababu hapakuwa tena na mtu aliyeruhusu kiganja mbele ya mdomo wake. Papa akawa mama. Mvua ikawa muma, kisha mama. Baba akawa mama. Kufikia kaskazi kila kitu duniani kilikuwa mama. Alimwonyesha Shee kidole akasema mama. Alionyesha mwezi, akaonyesha kisima, akanionyesha mimi. Mama mdogo, tumbo limeshakuwa kubwa, alisimama jikoni akisikia jina lake likiitwa kwa kila kitu isipokuwa yeye, na macho yake juu ya leso yalikuwa ya mtu anayedhihakiwa. "Mwambie anyamaze," aliniomba mara moja. "Mwambie Kapitano aniachie jina langu."

Mashua iliendelea kuota mbao. Siku moja nilimpelekea Shee chai, akatoa misumari mdomoni, akafunika kwa kilemba ingawa mtoto hakuwepo, akaniambia, "Tima, hajaja kuuma mkuku tangu mwezi uandame."

"Naam, baba."

"Wewe wasema na huyo mchu. Hebu niulizie. Mwanangu atarudi lini?"

Nikasema baada ya ngoma. Akatikisa kichwa, akarudisha misumari, na sikumsikia akigonga mpaka nilipofika nyumbani.

Mama mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Wiki ile ile niliamka alfajiri na kumkuta Khadija amekaa ukutani. Alikuwa amechana upindo wa nguo yake, akajifunga kitambaa mdomoni, fundo kisogoni, nadhifu, kama la mamake. Hakuwa anacheza. Alikuwa amefikia uamuzi kwamba hivi ndivyo watu walivyo, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kasoro ile usoni. Nilikivuta kitambaa. Akakirudisha. Nilikivuta tena, nikaweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu, nikasema papa, papa, papa. Alinitazama bila kunitambua, akaondoa mkono wake kwa upole, kama unavyojitoa kwa mtu mlevi.

Nilikwenda kwa Bi Zena kabla jua halijapanda. Alikuwa anachambua mtama.

"Bi Zena, hakuna Kapitano. Nilidanganya."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Amekukasirikia?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwepo."

"Wakalimani wote hufika hapa," alisema, akipuliza makapi. "Pepo wangu wa kwanza, wa Kihabeshi, mkalimani wake alikimbilia Lamu, hakurudi hata kuchukua masanduku. Pepo akimchoka mchu humwambia, mimi sipo. Kaa ule."

Nilikula. Nasikitika kusema kwamba nilikula vizuri. Kisha nilikwenda kwenye chumba cha nyuma, tulikokuwa tumempisha mama mdogo na kichanga, mahali ambapo Khadija alikatazwa kuingia, na nikamweleza yote. Nilimweleza daktari alisema nini na mimi nilisema nini. Alisikiliza huku ananyonyesha, leso juu ya mdomo, kwa mazoea. Nilipomaliza alingoja mtoto aliachie ziwa.

"Daktari alisema moja, wewe ukasema jingine," alisema. "Leo nikuamini kwa lipi?"

Nilianza kuapa, akaniinulia kiganja.

"Huenda unasema kweli. Huenda ni Kapitano anayekutuma, nifunue aniingie, na huyu mdogo kinywa chake ki wazi kutwa." Akamtazama kichanga. "Mlete."

"Unaniamini?"

"Sikuamini. Mlete. Akiniingia na aniingie, kuliko mtoto kuniita hivi nisiitike."

Nilimleta Khadija na kitambaa chake. Mama mdogo alimgeuza kichanga uso kifuani, akamziba kwa kiganja, akafunga macho, akavuta leso chini kama mtu anayejimwagia maji baridi. Hakuna lililoingia. Chumba kilikuwa na giza, kichanga kilikohoa, Khadija alisimama. Kisha nikaona kile alichokiona yeye: jino moja la mbele, la juu, halikuwepo. Mimba ilikuwa imeondoka nalo, kama wasemavyo wanawake, na kwa leso ile hakuna kati yetu aliyejua. Mama mdogo akafungua macho akasema, "Mwanangu," na katika lile pengo ulimi ukaonekana, mwekundu, ukipanda na kushuka. Khadija alikivua kitambaa chake mwenyewe. Akasogea mpaka pua zao zikagusana, akaingiza kidole pengoni, akasubiri ulimi useme tena.

Siku zote zilizobaki za arobaini alikuwa mle ndani. Hakutoa sauti yoyote, hata ile ya mama ilinyamaza, na mama mdogo alinitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyakabili. Alimzungumzisha toka asubuhi mpaka magharibi, karibu na mlango, uso kwenye mwanga, akihesabu kunde, akimlaumu kichanga, akimgombeza Khadija mwenyewe kila alipotaka kuchunguza kinywa cha mdogo wake kwa vidole. Nje ya chumba, watu waliendelea kujifunika.

Ngoma ilipigwa uwani, asubuhi ya siku ya arobaini na moja, kwa kuwa Bi Zena alishikilia na hakuna aliyethubutu kuahirisha. Kulikuwa na sahani ya basto, sigara mbili, na kikombe cha sukari. Khadija alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye kiwambo cha ngoma kubwa, anatabasamu, na wanawake wakaambiana nyuma ya leso kwamba Kapitano amefurahi. Mimi nilikaa kwenye mkeka wangu. Mama mdogo alikuwa mlangoni, kichanga begani, yeye peke yake mdomo wazi kati ya watu wote wale, na watu walimpisha kama mgonjwa. Bi Zena akakunjua shuka nyeupe ambayo hufunikwa kiti, yaani yule anayekaliwa na pepo, kichwa na uso, na ambayo akishafunikwa hawi tena wa nyumbani kwao peke yake. Akaiinua juu ya Khadija. Ngoma zikanyamaza.

Khadija alishika pindo la shuka likiwa bado hewani. Akaliteremsha chini ya kidevu chake. Nikaona ulimi wake ukipanda, ukigusa nyuma ya meno, ukikaa pale muda mrefu kama mtu anayejaribu ngazi kabla ya kuikanyaga.

"La," alisema.

Sauti ilikuwa nene, imetoka puani nusu, na ilijaza ua wote. Bi Zena akanigeukia. "Asema nini?"

Lilikuwa neno la kwanza mwaka mzima ambalo halikupita kwangu, na kila mtu pale, hadi wapiga ngoma, alikuwa amelisikia vizuri. Shee alikuwa amekaa chini, ameinamisha kichwa. Bi Zena alisubiri jibu langu, kisha akaacha kusubiri. Alivuta leso yake chini, pole pole, akapiga magoti mbele ya mtoto, akasogeza uso wake kwenye jua.

"Hutaki?" alimuuliza.

Khadija alimtazama mdomo wote, kona mpaka kona. "La."

Bi Zena aliikunja ile shuka mara nne, akaiweka juu ya sahani ya basto, akawaambia wapiga ngoma waende wakale.